Je, Starehe Lazima Iwe na Gharama?

Waswahili wana msemo mfupi: starehe gharama. Husemwa kwa mzaha na mtu anayetoa noti kulipia soda za marafiki, au na anayerudi nyumbani mfuko ukiwa mtupu baada ya sikukuu. Lakini ndani ya mzaha huo kuna dai zito. Kama starehe ni gharama, basi asiye na fedha hana starehe. Na kama hana, hapaswi kulalamika, kwa sababu hakulipa. Ninasoma Kampala, mji ambao dai hili hudhihirika kila mwisho wa juma. Jumamosi ikifika, wenye fedha huulizana waende wapi. Wasio nazo huulizana watashindaje ndani. Katika insha hii nitauliza maswali mawili. Je, ni kweli kwamba starehe ya mjini haipatikani bila fedha? Na kama inapatikana, je, mtu asiye na fedha anaipata kwa haki yake, au kwa huruma ya wengine tu?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Tukisema mtu amekwenda kustarehe, tunaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kwamba amekwenda kununua kitu: chakula, kinywaji, tiketi ya muziki. Ya pili ni kwamba amekwenda kuwa mahali fulani, kupumzisha mwili, kuona watu na kuzungumza bila haraka. Mara nyingi mambo haya mawili huja pamoja, na ndiyo maana tunayachanganya. Lakini anayekwenda ziwani hanunui ziwa. Hununua samaki, na samaki akishaliwa, kinachobaki kumbukumbuni ni upepo na mazungumzo. Msemo wetu una ukweli kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili hauna.

Sisi tunaojifunza Kiswahili mbali na pwani tulikutana na jambo hili darasani, katika neno kubarizi. Neno hilo linahusiana na baraza, kibao cha mawe au saruji kilichojengwa mbele ya nyumba katika miji kama Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jioni watu huketi hapo, hunywa kahawa, hucheza bao, hupeana habari. Anayepita huweza kusalimu na kuketi bila kuulizwa ananunua nini. Tena neno hilohilo limekuwa jina la vyombo vya kuamua mambo: tuna Baraza la Mawaziri na baraza la wazee. Nadhani lugha imehifadhi hekima hapa. Mahali ambapo watu huketi bila kulipa ndipo wanapojifunza kusikilizana, na wasiosikilizana hawawezi kuamua jambo pamoja.

Sasa nirudi Kampala, ambako nyumba nyingi hazina baraza bali zina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake. Mtu mwenye miguu mizima na nauli kidogo anaweza kwenda wapi?

Husemekana kwamba mji huu ulijengwa juu ya vilima saba, ingawa leo umeenea juu ya vilima vingi zaidi. Vilima ni utajiri wa kwanza wa mtembezi asiye na kitu, kwa sababu kila kimoja humpa mandhari ya vingine. Pale Namirembe lipo kanisa kuu la Kianglikana lililokamilika mwaka 1919. Ukisimama kwenye nyasi zake unaona katikati ya mji chini yako, na kando ya kanisa wamezikwa Askofu James Hannington na daktari Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo. Ng'ambo, juu ya Rubaga, lipo kanisa kuu la Kikatoliki lililojengwa kati ya 1914 na 1925. Juu ya kilima cha Old Kampala upo msikiti wa taifa. Kupanda mnara wake hulipiwa, lakini kuutazama kutoka kila pembe ya mji hakulipiwi.

Mengo napo pana barabara iliyonyooka inayoitwa Kabaka Anjagala, kutoka ikulu ya Kabaka hadi jengo la Bulange. Kandokando yake zimewekwa sanamu za miziro, yaani wanyama, mimea na vitu vingine ambavyo ni ishara za koo za Buganda. Nimeona wazazi wakitembea na watoto, na kila mtoto akitafuta muziro wa ukoo wake. Ni mchezo wa saa nzima usiohitaji hata shilingi. Katikati ya njia kuna mzunguko wenye lango, ambao Kabaka peke yake huupita moja kwa moja, na sisi wengine tunauzunguka. Si mbali na hapo lipo ziwa ambalo Kabaka Mwanga aliagiza lichimbwe katika miaka ya 1880.

Katikati ya mji ipo Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962, mama aliyemnyanyua mtoto wake juu, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyejifunza uchongaji Makerere chini ya Margaret Trowell. Nyuma ya Jumba la Taifa la Maigizo, lililofunguliwa 1959, kuna vibanda vya wasanii wa kazi za mikono ambako mtu huweza kutazama vikapu, ngoma na vitambaa vya magome ya mti bila kununua. Jumba la makumbusho la Uganda, lililoanzishwa 1908 na kuhamia Kitante katika jengo lililosanifiwa na Ernst May mwaka 1954, hutoza kiingilio, lakini kwa mwananchi ni kidogo. Na Makerere kwenyewe, chuo kilichoanza 1922, kuna miti mikubwa, jumba la sanaa, na lile jengo kuu lililoungua mwaka 2020 na kujengwa upya. Mwalimu Nyerere alisoma kwenye kilima hiki kuanzia 1943 hadi 1945, na bila shaka naye alitembea chini ya miti yake akiwa na fedha kidogo.

Ukitaka maji, shuka Ggaba. Fukwe za binafsi hutoza kiingilio, lakini bandari ya wavuvi ni ya kila mtu: mashua zinaingia, samaki wanapimwa na kukaangwa, watoto wanaruka majini. Na ukitaka utulivu, panda kilima cha Kikaya, ilipo nyumba ya ibada ya Wabahá'í, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, iliyofunguliwa Januari 1961. Ina pande tisa na kuba moja, na imezungukwa na bustani pana ya miti na nyasi. Watu wa dini zote huruhusiwa kuingia, kuomba na kuketi.

Kwa hiyo jibu la swali langu la kwanza ni jepesi. Hesabu yangu ya Jumapili moja kwa watu wawili ilikuwa hivi: nauli ya takisi, ambayo Kenya wangeiita matatu na Tanzania daladala, shilingi 6,000 kwenda na kurudi, ndizi na karanga 2,000, maji 2,000. Jumla 10,000. Katika mikahawa ya majumba makubwa ya maduka, fedha hizo hutosha kikombe kimoja cha kahawa. Starehe inapatikana bila gharama kubwa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeandika orodha ya matembezi tu. Swali la pili ndilo gumu, na aliyenifungulia ugumu wake ni shangazi yangu.

Shangazi huuza nyanya na vitunguu katika soko la Kalerwe. Huamka saa kumi alfajiri kupokea mizigo, na hurudi nyumbani usiku. Ameishi Kampala miaka 11. Jumapili moja nilimshawishi amwachie jirani meza yake kwa saa chache, tukaenda Kikaya, ambako si mbali na soko lake. Tulipofika langoni alianza kufungua fundo la leso yake.

"Tunalipa wapi, mwanangu?"

"Hatulipi, Shangazi. Tunaingia tu."

Akanitazama. "Basi nani anatulipia?"

Nilicheka, nikasema hakuna. Hakuridhika. Tulipoketi, alichagua pembe ya nyasi iliyo karibu na njia, kama mtu anayetarajia kuambiwa ainuke. Kila mtunza bustani alipopita, alivuta viatu vyake karibu. Ilichukua karibu saa nzima kabla hajanyoosha miguu, na baadaye akalala. Nilimwacha alale.

Swali lake halikuwa la kijinga. Bustani haijikatii nyasi. Yupo anayelipa mishahara ya wale watunza bustani, na kwa bahati ninajua ni nani: ni Wabahá'í wenyewe, kwa maana dini yao haipokei michango ya fedha kutoka kwa asiye mfuasi wao. Hata kama shangazi angetaka kuacha sadaka, ingekataliwa. Kwa hiyo alikuwa mgeni kamili. Alilipiwa na watu asiowajua, ambao hawakumdai chochote ila utulivu. Ni ukarimu mkubwa. Lakini ukitazama upya orodha niliyoitoa, utaona jambo. Nyasi za Namirembe na Rubaga ni za makanisa. Ziwa na ile barabara ya miziro ni fahari ya ufalme wa Buganda. Bustani ya Kikaya ni ya dini. Kilima cha Makerere ni cha chuo. Karibu kila mahali ambapo maskini wa Kampala huweza kuketi bila kulipa ni mahali pa mtu mwingine aliyeamua kutofunga lango. Kesho akiamua kulifunga, atakuwa hajavunja ahadi yoyote.

Hapo ndipo tofauti ya hisani na haki inapoonekana. Aliyepewa hisani hushukuru na hukaa kwa tahadhari. Mwenye haki hukaa tu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na kweli, nafasi ya kuazima haimpi mtu utulivu kamili, kwa sababu sehemu moja ya moyo wake inasubiri kuambiwa ainuke.

Kuna wanaopinga wazo hili tangu mwanzo, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Wa kwanza husema: maskini anahitaji kazi, si matembezi. Lugha yetu ina methali nyingi za kumuunga mkono. Mtembezi hula miguu yake. Kazi mbaya si mchezo mwema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ambayo Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Ninazikubali methali hizi. Lakini zilielekezwa kwa mvivu, na shangazi si mvivu. Tatizo lake ni kwamba jembe halijawahi kupokewa mkononi mwake. Tukisema starehe ni zawadi ya aliyemaliza kazi, tumesema pia kwamba mtu ambaye kazi yake haimaliziki hatapumzika mpaka afe. Na wengi wa aina hiyo ni maskini.

Tena wenye hekima wa zamani hawakuona mapumziko kuwa kinyume cha maana ya maisha. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba tunahangaika ili tupate wasaa, si kinyume chake. Neno la Kigiriki la wasaa, skholē, ndilo lililozaa neno la Kijerumani tulilolichukua kuwa shule, na la Kiingereza tulilolichukua kuwa skuli. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayekwenda shule anakwenda, kwa asili ya neno, kwenye wasaa. Lakini Aristotle huyohuyo aliona ni sawa kwamba watumwa wafanye kazi ili waungwana wawe na wasaa huo. Swali la nani analipia starehe ya nani ni la zamani, na si kila jibu la zamani ni jema.

Jibu la zama zetu limeandikwa. Ibara ya 24 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wasaa. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka Serikali ikuze burudani na michezo kwa raia. Haikusema kwa raia wenye fedha.

Mpinzani wa pili ni mtu wa vitendo. Husema: cha wote si cha mtu. Fungua bustani bure, na baada ya mwezi mmoja itajaa mifuko ya plastiki, wezi na walevi. Afadhali kiingilio kidogo kitakacholeta nidhamu. Nimeona mahali palipoharibika hivyo, na siwezi kusema ana uongo. Lakini bustani ya Kikaya ni ya bure na ni safi. Kinachoilinda ni watu waliopewa kazi ya kuitunza, pamoja na masharti machache ambayo kila anayeingia anayajua: usipige kelele, usitupe taka, usifanye mambo ya baa. Na zipo baa zenye viingilio vikubwa ambazo uchafu na fujo havikosekani. Kiingilio hakisafishi mahali. Kinachagua tu nani aonekane humo.

Kuchagua nani aonekane ni jambo linaloumiza kuliko linavyosemwa. Siku moja mimi na wanafunzi wenzangu wawili tuliketi kwenye viti vilivyokuwa wazi katika jumba moja la maduka, tukisubiri mvua ipite. Mlinzi akaja akatuuliza tumenunua nini. Tulipojibu kwamba bado, akasema kwa adabu kabisa kwamba viti ni vya wateja. Simlaumu; aliagizwa. Mkono mtupu haulambwi. Lakini nilijiuliza: kama mtu akiketi mjini bila kununua anakuwa mshukiwa, basi mji unamtambua kama nani? Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Siku hizi hata kusimama kwake kivulini kunahitaji maelezo.

Ningependa kusema kwamba angalau mji wenyewe, yaani sisi wote kwa pamoja, umeweka mahali petu. Ulijaribu. Mji ulipoadhimisha miaka 100, kutoka 1890 hadi 1990, ilitengwa bustani kando ya barabara ya Jinja, ikaitwa Centenary Park. Baada ya miaka ikawa imejaa mikahawa na baa, na aliyetaka kuketi alipaswa kuagiza kitu. Uwanja wa Katiba, mbele ya Mahakama Kuu, uko katikati kabisa ya mji na una nyasi na vivuli. Baada ya maandamano ya mwaka 2011 ulizingirwa na polisi kwa muda mrefu. Bondeni, kati ya vilima vya Kololo na Nakasero, kuna uwanja mpana wa kijani unaopendeza kuliko yote. Ni uwanja wa gofu wa klabu, na sisi tunaupitia kandokando kwa miguu. Sisemi gofu ni dhambi. Ninasema tu kwamba ukiorodhesha nyasi za katikati ya Kampala, chache sana ni za mwananchi kwa haki ya uananchi wake.

Majirani zetu wana somo la kutufundisha. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi. Wangari Maathai, pamoja na wenzake wa Green Belt Movement, alipinga. Alidharauliwa na kutukanwa hadharani. Mwishowe jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, alijeruhiwa akitetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Watu wengi humkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi humkumbuka pia kama mtu aliyeelewa kwamba nyasi ambazo mchuuzi huweza kulala mchana bila kufukuzwa ni jambo la kupigania. Kama Uhuru Park ingekuwa hisani ya mtu, asingekuwa na hoja. Alikuwa na hoja kwa sababu ilikuwa ya watu.

Hata hivyo, haki ya mahali peke yake haitoshi, na hapa ni lazima tuwe wakweli. Tungeweza kuwa na bustani kumi za bure na shangazi asiifikie hata moja. Kitu cha kwanza ambacho starehe hudai ni muda, na muda ndio ambao maskini huuuza wote. Mtu aliyeajiriwa huweza kudai likizo kwa mwajiri wake. Mwenye meza ya nyanya angemdai nani? Akifunga, nyanya zinaoza. Alipata zile saa chache kwa sababu jirani wa sokoni alikubali kumuuzia. Kwa wanawake kuna jambo jingine: bustani isiyo na taa wala walinzi si bustani kwao baada ya saa kumi na mbili jioni. Na kwa anayetembea kwa kiti cha magurudumu, vilima vyetu saba ni kuta saba. Kwa hiyo anayesema "mbona kuna mahali pengi pa bure, maskini waende" anasema kweli nusu. Nusu nyingine ni kuuliza wataendaje, lini, na watarudi salama?

Nimefika kwenye jibu langu. Starehe si lazima iwe na gharama kwa anayestarehe, lakini daima ina gharama kwa mtu fulani, na swali la maadili ni nani anayebeba gharama hiyo na kwa msingi gani. Makanisa, Wabahá'í, ufalme na vyuo wameibeba kwa hisani, na wanastahili shukrani zetu, hisani haiozi. Lakini jamii isiyobeba sehemu yake yenyewe imewaacha watu wake kuwa wageni wa kudumu katika mji wanaoulisha. Shangazi hulipa ushuru wa soko. Nyanya zake ziko katika vyakula vya mikahawa ambamo hawezi kuketi. Akiketi kwenye nyasi za mji, anaketi juu ya kitu alichokwisha kukilipia, na hapaswi kufungua leso langoni wala kuvuta viatu mtu akipita.

Kuna mambo ambayo Serikali na halmashauri ya jiji ndizo zinazoweza kuyafanya: kutenga ardhi na kutoiuza, kuweka taa, vyoo, maji na viti, kuajiri watunzaji. Kuna mengine ambayo sisi tunayaweza leo. Tunaweza kutotupa chupa mahali tulipoketi, ili yule mpinzani wa pili apungukiwe na ushahidi. Tunaweza kuulizana, kila ardhi ya wazi inapozungushiwa mabati, ilikuwa ya nani. Na sisi wanafunzi, ambao kwa asili ya neno ni watu wa wasaa, tunaweza kumshikia mtu meza yake ya biashara kwa saa tatu Jumapili moja ili naye aende. Wengi wetu tunamjua mtu wa aina hiyo: anayetufulia nguo, anayetuuzia chapati langoni, au ndugu yetu wa damu. Mwenye kumpeleka asimweleze mengi. Amwonyeshe njia, amnunulie karanga, kisha amwache aketi anapotaka.